Kuchemsha Nyuzi

Alhamisi. Chumba cha nyuma ya parokia, Katuba.
Waliofika: saba. Viti: sita.
Magitaa: manne, na la tano lenye ufa
ambao Yav ameuziba kwa gundi ya viatu.
Mimi ndiye mwandishi wa chama, kalamu ni yangu,
na leo sitaandika "kikao kilifunguliwa kwa sala" halafu basi.

Naandika kwamba nyuzi nene zimekufa sauti.
Ukizigusa zinajibu kama mtu aliyeamshwa usingizini:
ndiyo, ndiyo, halafu kimya.
Seti mpya hutoka Afrika Kusini kwa basi
na bei yake ni karo ya mtoto mmoja, muhula mmoja.
Mwadi ana watoto wanne; hesabu aliimaliza yeye mwenyewe.

Ndipo Kaumba, miaka ishirini na sita kiwandani
na mishahara thelathini ambayo hakuiona, akasema:
"Tuzichemshe. Chuma hakifi. Kinachafuka tu."

Mwadi akaleta makaa, mali ya biashara yake.
Ngosa akaleta sufuria ya bukari ya mamake;
hakusema kama aliomba, wala hatukumuuliza.
Tukazifungua nyuzi, tukazikunja kama bangili,
tukazitumbukiza,
tukazunguka jiko, watu wazima saba,
tukitazama maji kana kwamba ndani mna nyama.

"Hii waya ya juu," Kaumba akasema, "ni shaba.
Pengine ilitoka hapa hapa, chini ya miguu yetu.
Ikapanda treni bila kuaga, ikavuka bahari,
ikavishwa fedha kama bibi arusi,
ikarudi ndani ya bahasha, haitujui,
inatudai dola."
Kwa mbali ule mlima mweusi wa masalio ya tanuru
ulikuwa umekaa palepale. Haukuchangia neno.

Maji yakageuka rangi ya chai ya jana.
Ni sisi hao, alisema Yav:
jasho la miezi minane, grisi ya gereji,
mafuta ya sombe, vumbi la mkaa.
Yav hufungua injini akiwa na glavu moja,
ya mkono wa kulia, kwa ajili ya kucha.
Wenzake humwita Madamu. Haivui.

Acha niandike na ile harusi ya mwezi wa nane,
maana daftarini niliandika uongo: "tulipiga vizuri."
Tulipiga kati ya spika mbili zenye kimo cha mtu.
Mjomba wa bwana arusi akatuinamia:
"Haisikiki hii! Chomekeni!"
Tukamwambia haina pa kuchomeka.
Akatuhurumia, akatuletea soda.
Alisikia mtoto mmoja tu, aliyejificha chini ya meza;
akatoka, akaweka sikio kwenye ubao wa gitaa langu,
na hapo akabaki mpaka keki.

Basi. Tukazikausha nyuzi kwa kitambaa cha altare
(padri asisome hapa), tukazirudisha, tukazikaza.
Umeme ukakatika, kama kawaida yake.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikakataa.
Na katika giza lile Kaumba akagusa uzi wa sita,
huo tu, kwa dole gumba,
na sauti ikatoka nene, ikakaa chumbani
kama mgeni ambaye tayari amevua viatu.
Yule wa saba, asiye na kiti, akaketi sakafuni.

Matumizi: sifuri. Deni: makaa, kwa Mwadi.
Sufuria ilirudishwa kabla ya saa mbili,
imesuguliwa kwa mchanga.
Kesho yake mamake Ngosa aliuliza
kwa nini bukari ina ladha ya sarafu.
Hilo nalo naliandika.